KIDHIBITIJOTO KATIKA NYUMBA YA VIFARANGA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Utangulizi

Msomaji mpendwa, sisi wakazi wa Kakamega hatuna desturi ya kupasha nyumba zetu joto. Baridi ya mwezi wa Julai ikizidi tunavaa sweta, tunaota moto jikoni, basi. Hata hivyo, yupo kiumbe mmoja bomani ambaye hana sweta wala hawezi kujisogeza jikoni: kifaranga wa siku moja.

Kuku si jambo dogo kwetu. Mgeni wa heshima akija akaondoka bila kuonja ingokho, huenda akasema nyumba hiyo haikumpokea. Siku hizi kuku ni chakula na pia ni karo, ni sare, ni pesa za hospitali. Mwaka uliopita mama yangu alinunua vifaranga 100 kwa pesa za chama, nami nikajua wazi kwamba karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa imelala kwenye maranda pamoja nao.

Katika makala haya ningependa kueleza chombo kimoja kidogo kinachoweza kuwaokoa vifaranga hao, yaani kidhibitijoto. Nitaeleza maana yake, asili yake, jinsi kinavyofanya kazi, jinsi ya kukifunga na jinsi ya kukitumia. Mengi niliyoandika nimeyaona kwa macho yangu nyumbani, na mengine ni yale yale tunayofundishwa katika somo la Fizikia.

Maana ya neno

Watu wengi hukiita chombo hiki themostati. Si kosa. Lakini sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna neno zuri la kujitosheleza: kidhibitijoto. Neno hili lisichanganywe na kipimajoto. Kipimajoto hupima tu na kunyamaza. Ni kama kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele darasani. Kidhibitijoto nacho hupima, kisha huchukua hatua. Huyo ni mwalimu wa zamu anayeingia na kelele zikakoma.

Asili yake

Watu wa Misri ya kale waliangua mayai kwa maelfu katika tanuri za udongo tangu kabla ya Kristo. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi wa tanuri alichukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua kama joto limezidi au limepungua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kidhibitijoto, na ilimbidi akeshe.

Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi mmoja aitwaye Cornelis Drebbel, aliyekuwa akiishi Uingereza, aliunda tanuri ya kuangulia mayai iliyojirekebisha joto lake yenyewe. Ndani yake mlikuwa na kileo na zebaki. Joto likipanda, kileo kilitanuka na kuisukuma zebaki, nayo ikainua kijiti kilichofunga tundu la hewa, moto ukafifia. Joto likishuka, tundu lilifunguka tena. Kwa hivyo, msomaji, usidhani kwamba kukihusisha chombo hiki na kuku ni mzaha wa mwanafunzi wa Kakamega. Miongoni mwa vidhibitijoto vya kwanza kabisa duniani ni hicho kilichoundwa kwa ajili ya mayai.

Miaka mingi baadaye, mwalimu mmoja wa Marekani, Warren Johnson, aliyefundisha katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, alichoshwa na jambo moja. Kila mara mtumishi wa shule aliingia madarasani kutazama kama kuna baridi, kisha akashuka kwenda kurekebisha moto. Johnson akabuni chombo cha umeme kilichomwarifu mtumishi huyo bila ya yeye kuingia darasani, na mwaka wa 1883 akapata hataza yake. Naam, uvumbuzi huo ulizaliwa shuleni.

Leo katika nchi za baridi kali, nyumba nyingi zina kidhibitijoto ukutani, tena cha kupangiwa ratiba: alfajiri joto lipande watu waamke, mchana lishuke kwa kuwa wamekwenda kazini, jioni lipande, usiku lishuke tena. Ni kama ratiba ya kengele ya shule. Sisi hatuna haja ya ratiba hiyo kwa watu, bali kwa vifaranga tunayo, kama nitakavyoonyesha hapa chini.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kama nyumbani kwenu mna pasi ya stima, basi kidhibitijoto mnacho tayari. Ndani ya pasi mna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja, kwa mfano shaba na chuma. Tulisoma Kidato cha Kwanza kwamba metali zote hutanuka zikipata joto, lakini hazitanuki sawa. Shaba hutanuka zaidi kuliko chuma, hivyo utepe hupinda na kukata stima. Pasi ikipoa, utepe hunyooka na stima kurudi. Ile taa nyekundu inayowaka na kuzima ndiyo habari yenyewe.

Kile tunachofunga katika nyumba ya vifaranga ni cha tarakimu. Kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, yaani ncha ndogo iliyo mwishoni mwa waya mrefu. Ukinzani wa umeme ndani yake hubadilika joto linapobadilika. Ya pili ni ubongo, ambao husoma kihisi na kulinganisha na kiwango ulichokiweka. Ya tatu ni swichi ya ndani, ile inayolia "tk!" inapowasha au kuzima balbu.

Angalia vizuri neno hilo: kulinganisha. Chombo hiki hakifikirii hata kidogo. Hakijui kuna vifaranga. Hakijui kama ni usiku wala kama mvua inanyesha. Kinajua tarakimu mbili tu, ile ya kihisi na ile yako.

Hapa pana kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Wakikuta nyumba ina baridi, hupandisha kiwango hadi 40 wakitumaini joto litakuja upesi. Halitakuja upesi! Balbu ya wati 150 hutoa wati 150, uweke 33 au uweke 40. Tofauti ni kwamba ukiweka 40 haitazima mahali ulipotaka, na vifaranga wataungua kwa joto ukiwa umelala.

Kwa nini tusitumie jiko?

Kifaranga mchanga ana manyoya laini tu na hawezi kulinda joto la mwili wake. Kakamega iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baada ya mvua ya jioni baridi ya usiku si ya kufanyiwa mzaha. Kwa miaka mingi nyanya yangu alitumia jiko la makaa. Aliamka mara tatu kila usiku kuongeza makaa. Jiko huwa kali saa mbili za usiku, saa tisa za usiku limekuwa jivu.

Fauka ya hayo, jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huua vifaranga, na humuua pia mtu aliyelala humo kuwalinda. Hili si la kuchezea. Anayetumia jiko lazima aache nafasi ya hewa kutoka, na asilale humo kamwe.

Jinsi ya kukifunga

Kabla ya yote, stima ya nyumbani ni volti 240 na haina msamaha. Kazi ya kuunganisha nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu. Kazi ya mwanafunzi ni kuelewa na kuuliza maswali.

1. Chagua chombo cha joto. Balbu za LED hazifai kwa kuwa hazitoi joto la kutosha. Tafuta balbu za joto, zile kubwa nyekundu, au za kauri ambazo hutoa joto bila mwanga. Ni heri balbu mbili ndogo kuliko moja kubwa, kwani moja ikiungua usiku, nyingine hubaki. Kwetu tulitumia mbili za wati 150.

2. Piga hesabu ya mkondo wa umeme. Wati 300 ukigawanya kwa volti 240 unapata ampea 1.25. Kidhibitijoto cha aina tuliyotumia hubeba hadi ampea 10, kwa hiyo tuko salama. Lakini soma maandishi ya chombo chako mwenyewe, usisome ya jirani.

3. Unganisha nyaya. Katika aina yetu mashimo yana nambari. Nambari 1 na 2 ni za kukipa chombo stima, 3 na 4 ni za kihisi, 5 na 6 ni za kuwasha joto, 7 na 8 ni za kupooza, kwa mfano feni au friji. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba 5 na 6 hazitoi stima. Ni swichi tu. Lazima waya ambao mafundi huuita laivu upitie hapo ndipo uende kwenye balbu.

4. Ning'iniza balbu kwa mnyororo au waya wa chuma, si kwa kamba wala kwa waya wake wa stima. Ziwe yapata sentimita 45 juu ya maranda. Maranda makavu yakiguswa na balbu ya moto, nyumba huteketea.

5. Weka balbu ndogo ya LED kando kwa ajili ya mwanga. Kidhibitijoto kikizima balbu nyekundu, vifaranga hawatabaki gizani wakishtuka na kukanyagana.

6. Weka kihisi. Kiwe kimo cha mgongo wa kifaranga, yaani kama sentimita tano juu ya maranda, kando ya duara la joto, si chini ya balbu moja kwa moja. Kikinge kwa wavu mdogo wasikifukie wala kukidonoa.

Jinsi ya kukihakiki

Usiamini tarakimu kwa sababu tu zinang'aa. Ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, kisha chovya ncha ya kihisi kwa dakika chache. Chombo kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1, kinadanganya kwa nyuzi moja, na kuna mahali pa kurekebisha.

Wengine watakwambia utumie maji yanayochemka, eti yawe 100. Hiyo ni kweli Mombasa, si Kakamega. Huku kwetu juu, kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Ukirekebisha chombo chako kwa kudhani ni 100, umekiharibu wewe mwenyewe.

Jinsi ya kukipangia joto

Bonyeza kitufe cha S kwa sekunde tatu hivi. Herufi F1 hutokea. Hicho ni kiwango unachotaka. F2 ni tofauti inayoruhusiwa kabla balbu haijawaka tena. F4 ni pa kurekebisha kihisi, kama nilivyoeleza juu ya barafu. F3 ni kwa ajili ya mashine za kupooza, tuiache. Ili kubadilisha, shikilia S huku ukibonyeza mshale wa juu au wa chini. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuwashia ili kihifadhi.

Tuchukue mfano. F1 ni 33 na F2 ni 1. Balbu huwaka joto likishuka hadi 32, huzima likifika 33. Ukiweka F2 ndogo mno, swichi italia tk-tk-tk usiku kucha na kuchakaa upesi. Ukiiweka kubwa, mfano 5, vifaranga watapata baridi kabla balbu haijashtuka. Moja inatosha.

Ratiba ya joto ni hii:

Wiki ya kwanza: nyuzi 32 hadi 35
Wiki ya pili: nyuzi 30
Wiki ya tatu: nyuzi 27
Wiki ya nne: nyuzi 24
Baada ya hapo: nyuzi 21, hadi manyoya yakamilike

Kama unavyoona, tunapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Vipo vidhibitijoto vya bei ambavyo hupangiwa ratiba ya siku nyingi mara moja. Chetu hakijui wiki. Kwa hiyo ratiba tuliibandika mlangoni, na kila Jumamosi asubuhi ilikuwa kazi yangu kubadilisha F1 na kutia alama.

Vifaranga ndio wenye neno la mwisho

Hapa ndipo kiini cha somo langu. Fundi alipomaliza kazi, alikifunga kihisi karibu kabisa na balbu kwa kuwa waya ulifika hapo vizuri. Chombo kikaonyesha 33. Mama akafurahi, sote tukalala. Asubuhi vifaranga wanne walikuwa wamekufa, wamekandamizwa na wenzao. Chombo bado kilionyesha 33.

Nyanya hakutazama chombo. Alichuchumaa akawatazama vifaranga. Walikuwa wamerundikana katikati chini ya balbu, wanalia kwa sauti ya juu.

"Nyanya, mbona hapa panasema thelathini na tatu?" nikamuuliza.

"Mjukuu wangu, hako kamashine kanasema kweli," akajibu, "lakini kanasema ya pale kalipo. Nani analala pale kalipo?"

Tulichukua kipimajoto cha kioo tukakiweka kando ya duara, kimo cha mgongo wa kifaranga. Kikasoma 27! Tukakihamisha kihisi hadi mahali pale. Mara "tk!" balbu zikawaka, na hazikuzima mpaka joto lilipoenea kote. Jioni hiyo vifaranga walitawanyika kama maharagwe yaliyoanikwa. Hatukupoteza mwingine kwa baridi.

Jifunze basi lugha ya vifaranga, nayo ni rahisi kuliko ngeli za Kiswahili:

Wakirundikana chini ya balbu na kulia, wana baridi.
Wakikimbilia pembeni, wakihema midomo wazi na mabawa yamelegea, joto limezidi.
Wakijazana upande mmoja tu, upepo unaingia upande wa pili. Tafuta tundu uzibe.
Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wamelala, sauti ya chini, kiwango ni sawa.

Vifaranga wakisema hivi na chombo kikasema vile, amini vifaranga, kisha chunguza kihisi.

Gharama

Balbu mbili za wati 150 zikiwaka saa 24 bila kuzima hula uniti 7.2 za stima. Tuseme kidhibitijoto kinaziwasha nusu ya muda tu, kwani mchana jua la Kakamega husaidia bure. Zinakula uniti 3.6. Kwa siku 28 utakuwa umeokoa uniti 100.8. Zidisha na bei ya uniti kwenye tokeni zenu uone mwenyewe. Kwetu, mama alianza kuandika uniti kila asubuhi kwenye kalenda, na baada ya wiki ya pili alikoma kulalamika kuhusu chombo hicho.

Stima ikipotea

Kidhibitijoto bila stima ni kipande cha plastiki tu. Na stima hupotea, hasa mvua ikija na radi. Usingoje ipotee ndipo utafute njia. Weka tayari mitungi miwili ya plastiki. Ijaze maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie gunia, kisha iweke katikati ya vifaranga. Wataiegemea kama mama yao. Badilisha maji yakipoa. Punguza pia ukubwa wa duara na funika sehemu ya juu kwa gunia, ukiacha nafasi ya hewa. Stima ikirudi, chombo hukumbuka viwango vyake, lakini hakikisha kwa macho.

Hitimisho

Kwa kumalizia, kidhibitijoto ni chombo cha maana kwa kila boma lenye stima na vifaranga. Kinaokoa usingizi, kinaokoa pesa, na kinatuondolea moshi wa makaa. Lakini kinapima mahali kilipo kihisi chake tu, na kinatii tarakimu tuliyoiweka, iwe nzuri au mbaya. Kazi ya kutazama bado ni yetu. Katika vifaranga wale 100, 91 walikua wakauzwa, na karo ililipwa. Nyanya sasa haamki mara tatu. Anaamka mara moja tu, anamulika tochi, anawatazama vifaranga kwanza, chombo baadaye.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kipimajoto na kidhibitijoto.
2. F1 ni 30 na F2 ni 2. Balbu itawaka joto likiwa nyuzi ngapi? Itazima likiwa ngapi?
3. Kwa nini maji yanayochemka hayafai kuhakikia kihisi hapa Kakamega kwa kudhani ni nyuzi 100?
4. Chombo kinaonyesha 33 lakini vifaranga wote wamekimbilia pembeni wakihema. Toa sababu mbili zinazowezekana, na ueleze utakachofanya.
5. Balbu tatu za wati 100 zinawaka saa 10 kwa siku. Zitakula uniti ngapi kwa wiki moja?